Daftari Lililofungwa: Kuinuka na Kuanguka kwa Technorati

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu msemo huu huambiwa mwenye duka, lakini maandishi nayo ni mali. Makala haya yanakusudia kueleza, kwa ufupi, historia ya daftari moja kubwa la maandishi ya intaneti, na sababu zilizofanya likafungwa.

Daftari hilo liliitwa Technorati. Lilianzishwa mwaka 2002 na David Sifry, mjini San Francisco, Marekani. Jina lake liliundwa kwa kuunganisha neno lenye maana ya teknolojia na neno la Kilatini, literati, yaani wasomi. Wakati huo blogu, ambazo ni shajara ziandikwazo hadharani, zilikuwa zikiongezeka upesi, na mitambo ya kawaida ya kutafutia habari ilikawia kuzifikia. Technorati ilitumia njia nyingine. Kila mwandishi alipotoa makala mapya, programu ya blogu yake ilipeleka ishara, nayo Technorati ikaja kuyasoma na kuyaorodhesha baada ya muda mfupi tu.

Pamoja na kutafuta, huduma hiyo ilipima hadhi. Ilihesabu ni blogu ngapi zilizomwelekeza msomaji kwenye blogu fulani katika muda wa miezi 6, na hesabu hiyo ikaitwa "mamlaka" ya blogu. Kutokana nayo ikatungwa orodha ya blogu 100 za kwanza. Kuingia katika orodha hiyo kulikuwa fahari kubwa, kwani watangazaji wa bidhaa na waandishi wa magazeti waliitazama. Mwaka 2005 ikaanza pia kukusanya makala kwa maneno ya mada waliyoyabandika waandishi wenyewe. Ripoti yake ya Aprili 2007 ilitaja blogu zaidi ya milioni 70.

Lakini wingi huo huo ndio uliokuwa mzigo. Mitambo ilielemewa, majibu yakachelewa, na mara nyingine yakakosekana kabisa. Zikazuka pia blogu za uongo, zilizotengenezwa kwa mashine ili kuvuta matangazo na kuvuruga hesabu. Kadhalika, mnamo Septemba 2005 Google ilifungua huduma yake ya kutafuta blogu, nayo ilikuwa na uwezo mkubwa zaidi. Kisha watu wakahamia Facebook na Twitter, ambako mazungumzo yaliyokuwa yakifanywa kati ya blogu na blogu yalifanyika kwa sentensi chache. Mnamo Agosti 2007 Sifry akaacha uongozi. Waliomfuata walielekeza nguvu katika biashara ya matangazo.

Tukio linalotuhusu zaidi sisi walimu wa lugha lilitokea mwaka 2009. Katika kupanga upya hesabu zake, Technorati iliacha kuorodhesha blogu zisizoandikwa kwa Kiingereza. Jambo hili lashangaza, kwa sababu ripoti yake yenyewe ya 2007 ilikuwa imeonyesha kwamba, katika miezi mitatu ya mwisho ya 2006, 37% ya makala yaliyotolewa yalikuwa ya Kijapani, na 36% tu ya Kiingereza. Sehemu kubwa ya ulimwengu ilifutwa daftarini kwa uamuzi mmoja. Waandishi wa Kiswahili walikuwa wamekwisha kuanza kazi, miongoni mwao Ndesanjo Macha wa Tanzania na blogu yake ya Jikomboe. Hawakuacha kuandika, ila katika daftari lile lugha yao haikuwa na ukurasa tena.

Hata Kiingereza hakikuiokoa huduma hiyo. Tarehe 29 Mei 2014 Technorati iliacha kabisa kuorodhesha blogu na kuzipa mamlaka, ikabaki kampuni ya matangazo. Mwaka 2016 ikanunuliwa na kampuni ya Synacor kwa dola milioni 3.

Je, tujifunze nini? Kwanza, hesabu ya wasomaji si kipimo cha ubora wa maandishi; ni kipimo cha soko la siku ile. Pili, atunzaye daftari ndiye aamuaye kinachoandikwa ndani yake, na siku akitaka kulifunga hamwulizi mtu. Basi tusingoje wageni watuorodheshee maandishi ya Kiswahili. Katika nchi zetu hizi, ambako Kiswahili mara nyingi si lugha ya kwanza ya mwanafunzi, kila makala mema yanayopatikana ni kitabu cha ziada darasani. Hapana budi kila tawi la chama liwe na daftari lake: jina la makala, mwandishi, tarehe, mahali yalipotolewa, na nakala moja iliyopigwa chapa. Kazi hiyo haihitaji mtambo mkubwa. Yahitaji kalamu, kabati, na mwalimu mwenye subira.