Kamusi Iliyotangulia Ngorongoro

Kutoka Mto wa Mbu barabara inapanda ukuta wa Bonde la Ufa hadi Karatu, kisha inafika lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, ambako lami inaisha. Njia hii naipita kwa ajili ya mtu ambaye mwenyewe hakuwahi kufika huku: Johann Ludwig Krapf.

Alizaliwa mwaka 1810 Derendingen, Ujerumani. Alisomea teolojia, akawa mmisionari Uhabeshi, na huko akazama katika Kigeezi na Kiamhari. Mwaka 1844 alihamia Mombasa, na haikupita miezi mingi akamzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Hakurudi kwao wakati huo. Mwaka 1846 alifungua misheni ya Rabai akiwa na Johannes Rebmann, na sarufi yake ya Kiswahili ikatoka mwaka 1850.

Kitabu kinachomfungamanisha na nyanda hizi ni kingine, tena kidogo: msamiati wa lugha ya Wakwavi, ndugu wa Wamaasai, uliochapishwa Tübingen mwaka 1854. Maneno yake mengi yalitoka kinywani mwa Lemasegnot, Mkwavi aliyefika pwani akiwa mtumwa. Kwa hiyo mwalimu alikuwa Lemasegnot, na msomi mwenye lugha nyingi ndiye aliyekuwa mwanafunzi. Naona ni dhuluma kwamba jina la mwanafunzi tunalifahamu sote na la mwalimu halitajwi.

Mnadani Karatu lugha ya Wamaasai bado inafanya kazi yake. Mzee mmoja aliyevaa katambuga alikuwa akipatana bei ya beberu: Kiswahili kwa mchuuzi, Kimaasai kwa mwanawe, na Kiiraqw kidogo kwa jirani aliyepita. Watoto wawili walimjia, wakainamisha vichwa, akawagusa utosini, kisha akarudia bei yake ileile.

Mzungu wa kwanza kuandika habari za kreta ya Ngorongoro, Oskar Baumann, aliingia Machi 1892. Sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe, na Wamaasai waliokuja kambini kwake walikuwa mifupa mitupu. Krapf alikuwa ameshafariki, mwaka 1881, na ndoto yake ya mnyororo wa vituo vya misheni kutoka pwani hadi upande wa pili wa Afrika haikutimia kama alivyoichora. Injili ilifika kwenye maboma ya huku polepole, mapadri wakiipeleka katika miaka ya 1960, mmoja wao Vincent Donovan akiwa Loliondo. Biblia nzima kwa Kimaasai ilitoka mwaka 1991, miaka 137 baada ya kitabu cha Krapf na Lemasegnot.