Unaenda kufanya fesho mara ya kwanza? Tarajia haya

Fesho ya spa huchukua kama saa moja hivi, na inaanza na maswali. Mhudumu anatakiwa kujua aina ya ngozi yako, mzio ulionao na unachopaka nyumbani. Kama unatumia dawa ya chunusi, mwambie mapema.

Hatua za kawaida ni hizi:

1. Kuosha uso na kutoa mekapu
2. Skrabu ya kuondoa ngozi iliyokufa
3. Mvuke wa kulainisha ngozi
4. Kukamua vidoti vyeusi
5. Masaji, kisha maski
6. Losheni na sanskrini

Kukamua kunauma kidogo. Uso kuwa mwekundu au wa moto ni kawaida, hupoa ndani ya siku moja au mbili. Kuungua na malengelenge si kawaida: sema papo hapo, uoshwe.

Kubwa zaidi, usikubali krimu isiyo na lebo, hata ukiahidiwa "utang'aa". Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, na zebaki huharibu figo. Omba uone kopo lenyewe. Wakikuficha, ondoka.