Waya na Mwenye Kuunganisha
Neno simu latoka katika Kiajemi, na maana yake ni waya. Mwaka 1879 waya wa baharini ulifika Unguja kutoka Aden, na karani wa simu hakuwa na budi kusoma habari za kila mtu.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa simu ya mdomo. Afisi ya vyumba 10, kila kimoja kikiunganishwa na kila kingine, yataka njia 45 za waya. Zikikutana mezani pa mwunganishaji, 10 zatosha. Lakini huyo aweza kusikia yote. Husemwa kwamba Almon Strowger wa Marekani, aliyefanya kazi ya kuzika wafu, alishuku wateja wake wanaunganishwa kwa mshindani wake. Mwaka 1891 akapewa hati ya mtambo uunganishao pasipo mtu.

Basi, msomaji, nyaya zikutanapo ndipo uaminifu utakiwapo.