Si Pepo: Ugonjwa wa Huntington Unavyosinyaza Ubongo

Hapa kwetu mwambao, mtu mzima akianza kurusharusha mikono bila kutaka, kuyumba kama mlevi na kubadilika tabia, la kwanza kutajwa ni pepo. Nataka kueleza ugonjwa mmoja adimu wenye dalili hizo, ambao chanzo chake kinaonekana kwa vipimo.

Unaitwa Huntington, kwa jina la daktari Mmarekani George Huntington aliyeueleza mwaka 1872. Asili yake ni jeni moja kwenye kromosomu ya 4, iliyogunduliwa mwaka 1993. Ndani ya jeni hiyo mna kipande kifupi kinachojirudia. Kwa watu wengi hujirudia chini ya mara 27. Kikijirudia mara 40 au zaidi, mtu huyo ataugua akijaaliwa umri, na mara nyingi dalili huanza kati ya miaka 30 na 50.

Ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu mbili, kaudeti na putameni, zinazosaidia kuongoza viungo, fikra na hisia. Kwa mwenye Huntington, seli za hapo hufa kidogo kidogo, sehemu hizo husinyaa, na nafasi za maji zilizo kando hutanuka. Picha za MRI zimeonyesha kuwa kusinyaa huko huanza miaka mingi kabla ya mkono kucheza. Ndiyo maana wengine huanza kwa hasira, huzuni au kushindwa kupanga mambo. Jamaa humwona mkorofi au mvivu, kumbe ni mgonjwa.

Mzazi mmoja akiwa na jeni hiyo, kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Basi akiugua baba, kisha shangazi, kisha kijana, watu husema nyumba ile imerogwa. Wapo pia wasemao ni ugonjwa wa Wazungu. Kweli umeenea zaidi kwao, lakini Afrika upo. Tena uko mwingine unaofanana nao sana, HDL2, ambao karibu wagonjwa wake wote wana asili ya Kiafrika.

Sisemi kila anayetetemeka ana Huntington. Zipo sababu nyingi, na nyingine zina tiba. Kazi ya kupambanua ni ya daktari wa ubongo. Huntington yenyewe haijapata tiba ya kuiondoa, ila dawa hupunguza kurusha viungo na huzuni. Huzuni hiyo isidharauliwe, kwani hatari ya kujiua ni kubwa. Na mtoto wa mgonjwa asilazimishwe kupima. Akishakuwa mtu mzima na kupata ushauri, uamuzi ni wake.

Dua tuombe, haina ubaya. Lakini ubongo unaosinyaa haupungwi kwa ngoma, na mgonjwa kumfunga kamba au kumchapa ni dhuluma. Apelekwe hospitali, na watu wa nyumbani wamshike mkono.