Hewa ya Luano: namna moshi na vumbi vya viwanda vinavyopimwa

Wakati wa kiangazi, harufu inayochoma koo au vumbi linalotanda juu ya nyumba vinaleta mabishano Lubumbashi. Mkaaji anasema ni kiwanda. Kiwanda kinasema ni makala, moto wa pori na barabara isiyo na lami. Wote wawili wanaweza kuwa na sehemu ya ukweli, lakini bila kipimo hakuna anayeweza kuonyesha sehemu yake ni kubwa namna gani. Ndiyo maana upimaji wa hewa ni kazi ya mkaaji pia, si ya mainjinia peke yao.

Upepo ni jambo la kwanza

Luano inajulikana juu ya uwanja wa ndege. Pale kuko pia kituo cha hali ya hewa, ambacho katika orodha za dunia kinaitwa Lubumbashi-Luano. Kazi ya kituo cha namna hii ni kuandika joto, mvua, na upepo unatoka wapi na kwa nguvu gani. Marubani wanahitaji habari hiyo, na anayechunguza moshi anaihitaji vilevile. Namba ya uchafu bila upepo inasema hewa ni mbaya. Namba pamoja na upepo inaonyesha ubaya unatoka upande gani.

Katika Lubumbashi, upepo wa kiangazi unatoka sana kusini-mashariki. Moshi unaelekea kaskazini-magharibi. Tena asubuhi za baridi za mwezi wa sita na wa saba, hewa baridi inalala chini na hewa ya joto inakaa juu yake sawa kifuniko cha sufuria. Moshi wa viwanda, wa makala na wa matanuru ya matofali unabaki chini mpaka jua lipande.

Udongo uliweka hesabu

Mji huu unajua tayari matokeo ya kukaa bila kupima. Union Minière du Haut-Katanga ilianza kuyeyusha shaba Lubumbashi mwaka 1911, na Gécamines iliendelea na kazi hiyo baada ya leta kuchukua migodi mwanzoni mwa 1967. Kwa miaka mingi sheminé ilitoa dioksidi ya salfa pamoja na vumbi lenye shaba, kobalti, risasi, zinki, kadimi na aseniki. Upepo ulibeba vyote upande ule ule.

Ndiyo namna ilitokea sehemu ambayo wanachuo wa Université de Lubumbashi wanaita koni ya uchafuzi: udongo mtupu, miti iliyokufa, nyasi chache tu zinazovumilia shaba. Kartie ya Penga Penga iko ndani yake. Watafiti walijaribu kufunika udongo huo kwa nyasi inayoitwa Microchloa altera, ili vumbi lisiendelee kupeperuka. Tanuru za zamani zilipoa, lakini metali hazikuondoka: hazichomwi na jua, hazili na wadudu.

Ndani ya mwili pia kuko alama. Mwaka 2009, watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wanaoishi chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda vya metali katika Katanga walikuwa na kobalti nyingi katika mkojo kuliko wale wanaokaa mbali. Uchunguzi mwingine, wa Kasulo kule Kolwezi mwaka 2018, ulionyesha kwamba watoto ndio wanabeba zaidi. Mtoto anacheza chini, anaweka mikono mdomoni, na vumbi la nyumba linakuwa chakula chake.

Vitu gani vinapimwa

Cha kwanza ni vumbi laini, linaloitwa PM2.5. Ni chembe ndogo sana, zinafika ndani ya mapafu. Shirika la Afya Duniani (OMS), katika miongozo ya 2021, linasema zisizidi mikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo kwa wastani wa saa 24, na 5 kwa wastani wa mwaka.

Cha pili ni dioksidi ya salfa. Kiwango cha OMS ni mikrogramu 40 kwa saa 24. Gesi hii inatoka pale mawe yenye salfa yanayeyushwa, lakini viwanda vya kisasa vinavyotumia asidi bila tanuru vinaweza kuitoa pia, kwa sababu ya dawa zinazotumiwa kutoa kobalti. Kukosa sheminé ndefu si alama ya hewa safi. Kiwanda kinachojali kinanasa gesi hiyo na kuigeuza asidi ya salfa, ambayo ni mali sokoni.

Cha tatu ni metali ndani ya vumbi. Hapo ndipo vumbi la barabara linaachana na vumbi la kiwanda.

Vyombo na mipaka yake

Vyombo vidogo vya bei nafuu vinahesabu vumbi kwa mwanga. Uganda, mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere ulianza mwaka 2015 kutengeneza vyombo vya namna hii, hata vya kufunga juu ya pikipiki, na leo viko katika miji mingi ya Afrika. Faida yake ni kutoa namba saa kwa saa. Lakini ukungu unaweza kuvidanganya, na chombo kinachohesabu vumbi hakioni gesi wala hakitambui kobalti.

Kwa gesi, kuko mirija midogo inayotundikwa juu ya nguzo kwa wiki moja au mbili, kisha inapelekwa maabara. Haiombi umeme, jambo zuri pale mkondo wa SNEL unakatika. Ubaya wake ni kutoa wastani tu: saa mbili za moshi mkali usiku zinapotea ndani ya siku 14. Kwa metali, hewa inavutwa kupitia kichujio na maabara inapima kilichonaswa.

Kwa hiyo chombo kimoja hakitoshi. Inafaa kimoja kiwe upande ambao upepo unatoka na kingine upande ambao unaelekea. Tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo inaonyesha mchango wa kiwanda.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inadai uchunguzi wa mazingira kabla ya mradi mkubwa kuanza, na Agence Congolaise de l'Environnement ndiyo inauchambua. Kodi ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018, kifungu cha 285 bis, inasema mwenye haki ya mgodi anapaswa kulipa hasara aliyoleta hata kama hakukosa.

Lakini mlipwaji anapaswa kuonyesha hasara ilitoka wapi. Novemba 2025, maji machafu kutoka kampuni ya CDM yaliingia katika makartie ya Lubumbashi. Watu waliyaona, na waziri wa migodi alisimamisha kazi za kampuni. Moshi hauachi dimbwi barabarani. Usipopimwa siku ile, kesho ushahidi umekwenda.

Mkaaji afanye nini

Daftari moja la kartie linaweza kuanza kazi. Liandikwe tarehe, saa, upepo unatoka wapi, harufu au rangi ya moshi, na ilidumu muda gani. Kila mara maneno yale yale, hata siku ambayo hewa ni nzuri, maana siku nzuri ndizo zinaonyesha tofauti. Shefu wa kartie apeleke nakala kwa ofisi ya mazingira ya jimbo, na kuomba kwa barua vipimo vya hewa ambavyo kampuni iliahidi katika mpango wake wa mazingira.

Nyumbani, kupangusa vumbi kwa kitambaa chenye maji ni bora kuliko kufagia kukavu. Watoto wanawe mikono mbele ya kula, na mboga za bustani zioshwe vizuri. Hatua hizo zinapunguza kinachoingia mwilini. Hazipunguzi kinachotoka kiwandani. Kwa hicho, inabaki kupima na kutangaza namba pale wakaaji wanaweza kuzisoma.