Jua la Ibri na taa za Maskati
Nilipoanza kazi ya ukarani Maskati, miaka ya 1970, umeme wetu ulikuwa wa mafuta na gesi. Leo nyumba zimefika Seeb na kupita, na sehemu ya umeme hutoka mbali: Dhofar kuna mapangaboi 13 ya upepo, megawati 50, tangu 2019, Ibri II, ya jua, megawati 500, ilizinduliwa Januari 2022. Haitoi moshi, ila inakula ardhi, kilomita za mraba 13 hivi. Adui wake ni vumbi. Likitua juu ya paneli umeme hushuka, na kuziosha kwa maji katika nchi kavu ni israfu. Hufagiliwa na mashine, kavukavu. Usiku viyoyozi vyetu havilali (changu kimojawapo), na gesi hurudi kazini.