Uso wa Mwanachuo

Mwaka 1991, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilimpokea kijana mwenye vivimbe vidogo vilivyotapakaa puani na mashavuni mfano wa mbawa za kipepeo. Mara mbili alianguka kifafa. Wenzake wakagoma kulala naye bweni moja. Nami, badala ya kuuliza, nikamhamishia stoo, nikamwagiza anunue sabuni ya chunusi. Muhula haukwisha, akaondoka.

Miaka mingi baadaye nilimsimulia daktari dalili zile. Akaniambia yaelekea ni tuberasi sklerosisi, ugonjwa adimu wa kurithi, ingawa wengi huzaliwa nao bila mzazi yeyote kuwa nao. Hauambukizi hata kidogo.

Daktari Bourneville aliueleza huko Paris mwaka 1880. Mwaka 1890 Pringle wa London akaeleza vivimbe vya usoni. Jina vilivyopewa enzi hizo lilimaanisha uvimbe wa tezi za mafuta. Halikuwa sahihi: ni nyuzi za ngozi na mishipa midogo ya damu iliyokua kupita kiasi. Basi hata mabingwa walikosea, ila wao waliendelea kuchunguza.

Kwa muda mrefu tiba ilikuwa kukwangua ngozi au kuichoma kwa umeme, kisha ikaja mionzi ya leza. Mara nyingi vivimbe vilirudi. Jeni mbili zinazohusika zilitambuliwa mwaka 1993 na 1997, na mwaka 2002 ikabainika kwamba kazi yake ni kuzuia seli zisikue ovyo. Breki ikikatika, uvimbe huota.

Dawa ya kuituliza hali hiyo ilikuwapo tayari. Ilitokana na vijidudu vya udongo uliochukuliwa mwaka 1964 katika kisiwa cha Rapa Nui, Bahari ya Pasifiki. Tangu 1999 Marekani iliitumia kwa waliopandikizwa figo. Ikitengenezwa kuwa ya kupaka, iliidhinishwa Japani mwaka 2018 na Marekani mwaka 2022. Hupunguza vivimbe, lakini ukiacha kupaka hurejea.

Mwaka 1991 dawa hiyo ya kupaka haikuwapo, kwa hiyo nisingeweza kumponya kijana yule. Lakini kumwambia bwenini, mbele ya wenzake, “Huyu haambukizi, rudisheni kitanda chake,” kulihitaji dawa gani? Kulihitaji mwalimu aulize kwanza. Nami ndiye niliyekuwa nikiwafundisha walimu.